Tunamwachia stripa, lakini bado tunamuua

Kuna sentensi moja ukikaa na wavuvi wa flai, yaani ndoana iliyofungwa manyoya badala ya chambo, huku Maryland, Marekani, utaisikia kila mara, "sisi tunaachia", na ikishasemwa hiyo mjadala ndo umeisha, manake mtu anayerudisha samaki majini anahesabika hana deni lolote na Ghuba ya Chesapeake. Mimi navua kwa flai, naupenda uvuvi huu kuliko mwingine wowote, na nasema wazi kwamba hiyo sentensi imetufumba macho kwa miaka mingi sasa. Stripa wa pwani ya mashariki ya Marekani yuko kwenye hali mbaya, na sehemu kubwa ya vifo vyake inatokana na mikono ya watu ambao hawakumla hata mmoja.

Kwa ambao hamumjui, stripa ni samaki mwenye mistari saba au minane myeusi inayokimbia ubavuni kutoka shavuni mpaka mkiani, mgongo wa kijani kilichokolea, tumbo jeupe. Kitaalamu ni Morone saxatilis, huku Maryland wanamwita rokfishi na ndiye samaki rasmi wa jimbo. Anaishi maji ya chumvi lakini anazaa kwenye maji matamu ya mito, mwezi wa nne na wa tano hivi, akimaliza wale majike wakubwa wanatoka kwenda baharini wanapanda kaskazini mpaka New England hadi Maine, halafu baridi ikiingia wanashuka tena kukaa nje ya Virginia na North Carolina. Anaweza kuishi miaka 30. Yule wa rekodi ya dunia aliyevuliwa kwa rodi, yaani fimbo ya kuvulia, mwaka 2011 kule Long Island Sound, alikuwa na kilo 37. Na ukiacha mito ya Hudson na Delaware ambayo nayo inachangia, kitalu kikuu cha samaki huyu kwa pwani nzima ni hii Ghuba ya Chesapeake na mito yake, Potomac, Choptank, Nanticoke na kule juu inakoingia Susquehanna. Kwa hiyo mtu wa Massachusetts anayesherehekea stripa wake mwezi wa saba, mara nyingi anasherehekea samaki aliyezaliwa huku kwetu.

Kuvua kwa flai kwa anayejua mshipi wa mkono ni kitu kigeni kidogo, hakuna chambo na hakuna chubwi. Flai yenyewe ni manyoya na nywele zilizofungwa kwenye ndoana kwa uzi, haina uzito wa kutupika, kwa hiyo unachokitupa ni mshipi, ambao ni mnene na umevikwa plastiki, unaurusha nyuma ukanyooka angani halafu unaurusha mbele na flai inafuata. Chesapeake ina heshima yake kwenye historia ya kitu hiki. Lefty Kreh, mzaliwa wa Frederick hapa hapa Maryland mwaka 1925, aliyefariki 2018, ndiye aliyetengeneza flai inayoitwa Deceiver mwishoni mwa miaka ya 1950 akimlenga stripa wa ghuba hii. Alichofanya ni kufunga manyoya marefu ya jogoo nyuma kabisa ya ndoana ili yasijiviringe kwenye ndoana wakati wa kutupa, mbele akazungushia nywele za mkia wa kulungu, ikiwa majini inajaza mwili kama dagaa, ukiinyanyua inanywea inakuwa nyembamba inapita hewani bila shida. Mwaka 1991 posta ya Marekani iliiweka kwenye stempu, na mpaka leo ukifungua boksi la flai la mtu yeyote wa huku hukosi Deceiver mbili tatu, nyeupe kwa kijani cha kung'aa.

Nieleze na inavyokuwa ukiwa kazini, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini watu wazima wanaumwa na kitu hiki. Chukua mawe ya Poplar Island, kile kisiwa ambacho maji yalikuwa yamekila karibu chote wakakijenga upya kwa tope linalochimbuliwa kwenye njia za meli za bandari ya Baltimore. Maji yakianza kupwa mkondo unapiga kwenye kona za mawe, dagaa wanasukumwa nao, na stripa anakaa nyuma ya jiwe pale maji yalipotulia anasubiri aletewe. Unasimama kwenye boti, unatupa juu kidogo ya mkondo, unaiacha flai izame huku inaburuzwa, halafu unaanza kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, vuta fupi, vuta fupi, tulia. Akipiga hunyanyui rodi, unaendelea kuvuta kwa mkono ule ule mpaka ndoana ikamate ndo unanyanyua. Anakimbilia mawe, unamzuia, anageuka, anakimbia tena. Ukimleta ubavuni mwa boti unamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba na unayahisi meno yake, madogo madogo kama msasa, na ule ukwaruzo kwenye kidole unabaki nao mpaka kesho yake kazini. Unamchomoa ndoana, unamwinamisha majini, anapiga mkia anaondoka. Unaona kabisa ameondoka mzima.

Hapo ndipo tunapojidanganya, kwa sababu kuondoka mzima na kubaki mzima ni vitu viwili. Samaki aliyepigana mpaka kachoka mwili umejaa asidi, akiwekwa hewani kwa ajili ya picha matamvua yanashikana hawezi kupumua, akirudi majini anaogelea kwa nguvu iliyobaki, na kama ni wa kufa anafia mbali nawe baada ya masaa au siku kadhaa na hutakaa umwone. Tume ya majimbo ya Atlantiki inayosimamia samaki hawa, ASMFC, iliyoanzishwa 1942, inatumia makadirio ya asilimia 9, yaani kwa kila stripa 100 wanaoachiwa tisa wanakufa. Unaweza kusema tisa ni wachache. Lakini karibu asilimia 90 ya stripa wote wanaovuliwa na wavuvi wa starehe wanaachiwa, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu kipimo hakiruhusu kumbeba, na tunaongelea mamilioni ya samaki kila mwaka. Matokeo yake mwaka 2017 vifo vya samaki walioachiwa vilikuwa asilimia 48 ya stripa wote waliotolewa kwenye hesabu na uvuvi, wa starehe na wa biashara kwa pamoja. Wale waliobebwa na wavuvi wa starehe kwenda kuliwa walikuwa pungufu ya hapo, na wa biashara walikuwa kama mmoja kwa kumi.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mtu mmoja anaenda na chambo, anavua stripa mmoja wa kipimo halali, anamweka kwenye barafu, anarudi nyumbani. Mwingine anaenda na flai siku samaki wanapiga kweli kweli, anavua thelathini na wote anawaachia. Kwa ile asilimia 9 huyu wa pili kaua kati ya wawili na watatu. Halafu gatini wakikutana, huyu wa pili ndo anamwangalia yule wa kwanza na boksi lake la barafu kwa jicho la kumhukumu.

Najua wenzangu watasema nini, na wana hoja. Hiyo asilimia 9 ni wastani wa kila aina ya uvuvi, na flai kwa kweli ina nafuu yake, ndoana ni moja, mara nyingi inashika mdomoni, wengi wetu tunaibonyeza ile miba ya ndoana ili itoke kirahisi, wakati samaki wa chambo anaweza kuimeza ndoana mpaka tumboni, ndo maana tangu 2021 anayevua stripa kwa chambo analazimika kutumia ndoana za duara ambazo zinashika pembe ya mdomo. Yote kweli. Lakini rodi ya flai ni laini, pambano linachukua muda zaidi ukilinganisha na rodi ngumu ya kawaida, na watu wa flai ndo wenye kupenda picha kuliko wote. Na kubwa kuliko yote ni joto la maji, ambalo halina habari na aina ya ndoana uliyotumia.

Hapa nikae kidogo maana ndo penye tatizo lenyewe. Chesapeake ni ghuba ndefu, kama kilomita 320, lakini ina kina kidogo, kwa wastani mita sita na kitu tu, kwa hiyo jua la mwezi wa saba linaichemsha haswa. Juu maji yanakuwa ya moto kupita kiasi kwa samaki huyu ambaye anapenda ubaridi. Angeshuka chini, ila chini nako hakuna hewa, mbolea za mashambani na maji taka yanayoshuka na mito yanalisha mwani, mwani unakufa unazama unaoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni, kila kiangazi kuna eneo kubwa la ghuba ambalo sakafuni samaki hawezi kukaa. Kwa hiyo stripa anabanwa katikati, juu moto chini hakuna pumzi, anaishi kwenye tabaka jembamba na hata kabla hujamgusa tayari amechoka. Wewe unakuja unampigisha mbio dakika tano, unamtoa kwenye hewa ya nyuzi 35, unamrudisha kwenye yale yale maji ya moto. Huyo hana pa kwenda kupata nafuu.

Idara ya maliasili ya Maryland inalijua hili, kila kiangazi inatoa utabiri wa siku kwa rangi, kijani, njano na nyekundu. Joto la hewa likitabiriwa kufika farenhaiti 95, ambayo ndo hiyo 35 yetu, siku inakuwa nyekundu na unaombwa usivue stripa baada ya saa nne asubuhi. Unaombwa, hulazimishwi. Na miaka ya karibuni jimbo lilikuwa linafunga kabisa nusu ya pili ya Julai, hata kwa anayeachia, na kila mwaka kelele kubwa zilikuwa zinatoka kwa watu wa kuachia, eti sisi hatubebi samaki sasa tunafungiwa nini. Mtu anayeuliza hivyo kwenye maji ya Julai hajaelewa kwamba huo ndo muda ambao kuachia kwake kuna faida ndogo kuliko wakati wowote wa mwaka.

Nyumbani wanaliona hili haraka kuliko sisi. Mama yangu mkubwa yuko Tanga, kakulia ufukweni, wavuvi ni majirani zake, siku nimempigia nikawa namsimulia kuhusu uvuvi wa huku akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, unamvua unamrudisha, sasa ulikuwa unamsumbulia nini?" Nikamweleza mambo ya kuhifadhi, kwamba akirudi atazaa. Akajibu, "Kumhifadhi si ungemuacha humo humo?" Wengi wetu wa huku tukiambiwa hivyo tunaona mzee haelewi michezo ya ughaibuni. Mimi naona ndo swali zito kuliko yote yanayoulizwa kwenye mikutano ya uvuvi huku, na jibu langu kwake, ambalo bado nalisimamia, ni kwamba kumsumbua kidogo kunavumilika pale samaki wakiwa wengi na maji yakiwa ya baridi, maana watu wanaompenda samaki kwa sababu wanamvua ndo wanaompigania kwenye mito na kwenye bajeti za serikali, lakini samaki wakiwa wachache au maji yakiwa ya moto hoja hiyo inakufa na inabaki hoja yake yeye.

Na samaki ni wachache kweli. Tangu 1954 Maryland inafanya kitu kimoja kila kiangazi, Julai, Agosti na Septemba, watafiti wanaenda na juya la futi 100 kwenye vituo 22 kwenye mito minne ya mazalia, wanalikokota mpaka ufukweni na kuhesabu vitoto vya stripa vya mwaka huo. Wastani wa miaka yote ni kama 11 kwa kila mkokoto. Mwaka 2018 ilipatikana 14.8, mwaka mzuri. Baada ya hapo angalia, 2019 ni 3.4, 2020 ni 2.5, 2021 ni 3.2, 2022 ni 3.6, 2023 ikashuka mpaka 1.0 ambayo tangu waanze kuhesabu ni mwaka 2012 tu umewahi kuwa chini yake, 2024 ni 2.0, na 2025 ni 4.0. Miaka saba mfululizo hakuna hata mmoja uliofika nusu ya wastani.

Sababu kubwa ni msimu wa baridi. Mayai ya stripa hayakai chini kwenye changarawe wala hayashiki kwenye majani, yanaelea na mkondo kwa siku mbili hivi mpaka yaanguliwe, mto ukiwa hauna nguvu yanazama kwenye tope yanakufa. Yakianguliwa vile vitoto vinahitaji vidudu vidogo vidogo vya majini vya kula kwa wakati ule ule, na baridi ikiwa fupi na kavu vile vidudu vinachomoza mapema na kuisha kabla vitoto havijafika mezani. Miaka ya baridi kali na theluji nyingi na mvua inayoleta maji mengi mtoni ndo inayotoa vizazi vikubwa. Miaka mingi ya karibuni baridi imekuwa ya uvuguvugu. Hakuna mvuvi anayeweza kurekebisha hilo kwa rodi, ndo maana wapo wanaosema kama tatizo ni hali ya hewa tunaonewa bure.

Mimi nasema hapana, na historia inanisaidia. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani hii walishusha zaidi ya tani 6,600 za stripa, miaka kumi baadaye walikuwa wanapata kama tani 1,600 tu. Bunge la Marekani mwaka 1984 likatunga sheria ya kumlinda stripa wa Atlantiki, ikaipa serikali kuu nguvu ya kulifungia jimbo lolote linalokataa kufuata mpango wa pamoja. Januari 1985 Maryland ikafunga kabisa, wa biashara, wa starehe, kila mtu, miaka mitano. Kulikuwa na familia kwenye visiwa na vijiji vya ghuba ambazo rokfishi ndo ada ya shule, wakafunga. Wazo lilikuwa rahisi, kulikuwa na kizazi cha 1982 ambacho kilikuwa na afadhali kidogo, wakaamua kukilinda hicho mpaka majike yake yapate kuzaa japo mara moja. Mwaka 1989 ile hesabu ya vitoto ikapanda vizuri, 1990 wakafungua kwa kiasi kidogo, na 1995 samaki akatangazwa amerudi.

Angalia walichofanya. Hawakuwa na uwezo wa kuamrisha mvua ya 1989. Walichokuwa nacho ni majike waliokuwa hai mtoni mwaka ule hali ya hewa ilipokubali. Kazi ya kufunga ni hiyo tu, kuhakikisha siku mwaka mzuri ukija kuna mama wa kutosha wa kuutumia. Na sisi leo kizazi chetu cha 1982 ni hiki cha 2018, ndo kikubwa cha mwisho tulichonacho, majike yake yameshafika umri wa kuzaa, na jike la stripa kadiri linavyokua ndivyo mayai yanavyoongezeka mpaka kufika mamilioni kwa msimu mmoja. Kila mmoja wa hao anayekufa Julai kwa sababu ya picha ni hasara ambayo hakuna kizazi nyuma yake cha kuifidia.

Tume nayo inaenda kwa kusitasita. Tathmini ya 2019 ilisema wazi kwamba samaki amevuliwa kupita kiasi na bado anaendelea kuvuliwa kupita kiasi. Kwa baharini wakaweka sloti, yaani urefu ambao samaki akiwa ndani yake tu ndo unaruhusiwa kumbeba, ya inchi 28 mpaka 35, samaki mmoja kwa mtu kwa siku, halafu 2022 kizazi cha 2015 kikaingia kwenye ile sloti na watu wakabeba karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, Mei 2023 ikabidi washushe kwa dharura iwe 28 mpaka 31. Ndani ya Chesapeake kuanzia 2024 ikawa 19 mpaka 24, mmoja kwa siku, na Maryland kwa upande wake ikaufuta ule msimu wa mwezi wa tano wa kusaka majike makubwa, ambao kwa maoni yangu ulipaswa kufutwa zamani sana. Lengo waliloliweka ni samaki awe amerudi kwenye kiwango ifikapo 2029. Oktoba 2025 wakaletewa pendekezo la kupunguza vifo kwa asilimia 12 zaidi, wakaliacha. Moja ya mabishano makubwa kwenye mchakato ule ilikuwa hii hii ninayoiandikia, msimu ukifungwa, ufungwe kwa anayebeba tu au hata kwa anayeachia. Wa kuachia walipinga kwa nguvu wasiguswe.

Hilo linaniuma kwa sababu najua watu ambao maisha yao ni bahari na bado wanafunga uvuvi. Kisiwa Panza kule Pemba wamekuwa wakifunga miamba yao ya pweza kwa miezi, wanawake na wanaume ambao pweza ndo mboga na ndo hela ya daftari, wanakubaliana wanakaa nje mpaka siku ya kufungua. Sisi wenye rodi ya dola mia kadhaa na friji limejaa nyumbani tunashindwa kukaa nje wiki mbili tatu za joto.

Kuna watakaonielekeza Reedville, Virginia, kwenye kile kiwanda kinachosaga menhadeni kuwa mafuta na unga wa samaki, menhadeni ambaye ndo chakula kikuu cha stripa mkubwa, na kina ruhusa ya kuvua mpaka tani 51,000 ndani ya ghuba kwa mwaka. Nakubaliana nao kwamba ni nyingi mno kwa ghuba yenye kina cha mita sita na ningependa zipungue. Lakini nimeona hoja ya menhadeni ikitumika kama mahali pa kujificha, mtu akiguswa kuhusu Julai yake anakimbilia Reedville. Wavuvi wa starehe peke yao wanahusika na zaidi ya asilimia 80 ya stripa wote wanaouawa na uvuvi, kwa hiyo hata kiwanda kikifungwa kesho hili letu litabaki pale pale.

Ninachotaka mimi ni uvuvi wa stripa ufungwe kipindi cha joto kwa kila mtu, anayebeba na anayeachia, ghuba nzima, Maryland na Virginia pamoja, kwa sheria na siyo kwa rangi za utabiri, na mazalia yafungwe mwezi wa nne na wa tano mpaka hesabu ya vitoto ipande. Nje ya hapo tuvue, lakini tuvue kwa adabu: rodi namba tisa au kumi, ambayo ina nguvu zaidi, badala ya saba ili pambano liishe haraka, samaki abaki majini wakati unachomoa ndoana, picha kama ni lazima iwe ya sekunde chache na mikono iliyolowa. Na jambo gumu kuliko yote, siku wanapiga kila ukitupa, ukishapata wachache kunja rodi. Hakuna sheria inayoweka kikomo cha unaowaachia, unaweza kuachia hamsini na ukawa halali kabisa, kwa hiyo hicho kikomo mtu anajiwekea mwenyewe na kuwaambia wenzake bila aibu kwamba kakiweka.

Manahodha wanaopeleka wateja nawaelewa, mkopo wa boti hausubiri. Ila wao ndo walioona kwa macho kilichotokea, na mteja anawasikiliza wao kuliko anavyosoma kanuni. Na kiangazi ghuba hii haijakosa vya kuvua. Kuna kambare wa buluu ambaye aliletwa Virginia miaka ya 1970 na sasa kajaa kila mto, anakula kila kitu, na jimbo linakuomba umtoe. Halafu yupo channa, yule samaki wa Asia mwenye kichwa kama cha nyoka aliyegunduliwa kwenye bwawa la Crofton mwaka 2002, akaingia Potomac, sasa yuko kila mahali, na mwaka 2024 Maryland ikampa jina la Chesapeake Channa ili watu wamzoee mezani. Huyo anapenda maji ya moto, anapiga flai ya juu kwenye majani ya maji kina cha magoti kule Blackwater, kaunti ya Dorchester, anapiga kwa hasira mpaka maji yanaruka, rodi namba nane inamtosha, na ukimpata humrudishi, sheria hairuhusu hata kumsafirisha akiwa hai. Nyama yake nyeupe, ngumu kidogo, haina miba midogo ya kusumbua. Mkate vipande, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwache nusu saa, halafu mafuta ya moto. Stripa atakusubiri mwezi wa kumi maji yakipoa.